504 au IEP: mtoto wako anastahili kipi katika shule za Marekani?

Mama mmoja alinionyesha barua kutoka shule ya mwanawe. Ilikuwa imetafsiriwa na mashine, na katikati yake palikuwa na maneno haya: mtoto "anastahili malazi chini ya 504". Mama aliisoma mara tatu, kisha akanitazama. "Kaka, hebu nieleze. Wanataka kumlaza wapi mwanangu?"

Hakuna aliyetaka kumlaza popote. Neno la Kiingereza lililokuwa kwenye barua, "accommodations", lina maana mbili, na mashine ikachukua ile ya hoteli. Shule ilikusudia kusema marekebisho: muda wa ziada kwenye mtihani, kiti cha mbele, ruhusa ya kwenda chooni wakati wowote, dawa kutunzwa na muuguzi. Lakini kosa lile lilifichua jingine. Mama hakujua 504 ni kitu gani, na hakujua kwamba ipo njia ya pili inayoitwa IEP, yaani mpango wa elimu wa mtoto mmoja mmoja, ambayo barua haikuigusa kabisa. Kwa hali ya mwanawe, hiyo ya pili ndiyo ilistahili kuzungumzwa kwanza.

Nimekalimani vikao kadhaa vya aina hii, na swali ninaloulizwa zaidi na wazazi ni ipi iliyo "kubwa". Mimi huwageuzia swali. Je, mtoto anahitaji kufundishwa kwa namna nyingine, au anahitaji kuondolewa kikwazo ili afundishwe kama wenzake? Jibu likiwa la kwanza, tafuta IEP. Likiwa la pili, 504 inatosha. Mengine yote yanafuata hapo.

Zilikotoka

504 ni namba ya kifungu katika Sheria ya Utengamao ya mwaka 1973. Kinakataza ubaguzi dhidi ya mtu mwenye ulemavu mahali popote panapopokea fedha za serikali kuu. Kanuni za kukitekeleza zilikaa kwenye makabati karibu miaka minne, hadi Aprili 1977, baada ya watu wenye ulemavu, Judith Heumann akiwa miongoni mwa viongozi wao, kukalia jengo la serikali San Francisco kwa zaidi ya wiki tatu. Hii ni sheria ya haki za raia. Haina fungu la fedha.

IEP inatokana na sheria aliyoitia sahihi Rais Gerald Ford mwezi Novemba 1975, ambayo tangu 1990 inaitwa IDEA. Hii ni sheria ya elimu, na huja na fedha za serikali kuu, ingawa hazitoshi gharama. Pamoja na fedha huja masharti, na masharti hayo ndiyo nguvu ya mzazi. Kwa hiyo shule ikikukimbizia 504 kabla hata hujauliza, usikasirike, ila uliza kwa nini IEP haikufikiriwa.

Kipimo cha 504

Mwanafunzi anastahili akiwa na ulemavu wa mwili au wa akili unaozuia kwa kiasi kikubwa shughuli moja au zaidi kuu ya maisha. Angalia vizuri hapo: shughuli kuu ya maisha, si masomo peke yake. Kusoma, kufikiri na kumakinika zimo. Lakini pia zimo kula, kulala, kupumua, kutembea, na kazi za ndani ya mwili kama mmeng'enyo wa chakula, kibofu, homoni na kinga ya mwili.

Ndiyo maana mtoto mwenye kisukari anayepata alama za juu kila muhula bado anastahili. Mwalimu akikuambia "lakini anafanya vizuri darasani", amechanganya vipimo.

Mwaka 2008 Bunge la Marekani lilipanua tafsiri ya ulemavu, na mabadiliko hayo yakaanza kutumika Januari 2009. Kwanza, ulemavu hupimwa bila kuhesabu nafuu inayoletwa na dawa au vifaa. Mtoto wa ADHD (tatizo la kutomakinika na kutotulia) anayetulia kwa sababu amekunywa kidonge asubuhi hupimwa kana kwamba hajakinywa. Miwani na lenzi za macho za kawaida tu ndizo zilizoachwa nje ya kanuni hiyo. Pili, ugonjwa unaokuja na kuondoka, kama kifafa au pumu, huhesabiwa kwa jinsi ulivyo unapoamka, si kwa jinsi mtoto anavyoonekana siku ya kikao akiwa mzima anacheka. Tatu, sheria iliagiza neno "kwa kiasi kikubwa" lisibanwe.

Bado zipo shule zinazopima kwa mizani ya zamani. Mzazi anayejua mwaka 2008 kilichotokea hawi rahisi kuyumbishwa.

Kipimo cha IEP

Hapa mlango ni mwembamba zaidi, na una komeo tatu. Zote lazima zifunguke.

Komeo la kwanza ni makundi 13 yaliyotajwa na IDEA: usonji, uziwi, upungufu wa kusikia, uziwi pamoja na upofu, ulemavu wa kuona, ulemavu wa akili, ulemavu wa viungo, ulemavu wa zaidi ya aina moja, matatizo makubwa ya kihisia, matatizo ya usemi au lugha, jeraha la ubongo, ulemavu mahususi wa kujifunza (disleksia, yaani shida ya kusoma, imo humu), na kundi la mwisho ambalo kwa Kiswahili tungeliita "hali nyingine za kiafya". Hilo la mwisho ni kapu pana: ADHD, kifafa, kisukari, pumu na selimundu zimetajwa humo kwa majina. Kwa watoto wadogo wanaochelewa kukua, majimbo yanaruhusiwa kutumia kundi la ziada la ucheleweshaji wa makuzi hadi umri wa miaka 9.

Komeo la pili: ulemavu huo uwe unaathiri elimu yake. Elimu hapa isisomwe kama alama za mitihani tu. Kanuni zinasema wazi kwamba mtoto anaweza kustahili hata kama hajafeli wala kukariri darasa. Mtoto anayepasi kwa sababu mama hukaa naye saa nne kila usiku bado ana tatizo. Limehamia mezani nyumbani.

Komeo la tatu ndilo linalowaangusha wengi: awe anahitaji elimu maalumu, yaani ufundishaji uliotengenezwa kwa ajili yake. Mtoto anayehitaji tu kuandika mtihani kwenye chumba kimya hajafungua komeo hili. Mtoto anayehitaji kufundishwa sauti za herufi upya, hatua kwa hatua, kila siku, na mwalimu aliyefunzwa kazi hiyo, amelifungua.

Ugonjwa mmoja, watoto wawili

Nitachukua selimundu, kwa sababu ni ugonjwa tunaoujua katika familia zetu.

Chukulia mtoto wa kwanza. Akili yake iko sawa na masomo anayaelewa, ila maumivu yakimshika hukosa shule siku tano mfululizo. Anahitaji kunywa maji muda wote, kwenda chooni bila kuomba, kutokimbizwa uwanjani siku ya baridi, na kupewa kazi alizokosa bila kukatwa alama. Hakuna anayehitaji kubadili namna ya kumfundisha. Huyo ni wa 504, na mpango ukiandikwa vizuri atamaliza shule bila kuhitaji zaidi.

Wa pili ana ugonjwa uleule, lakini alipata kiharusi, jambo ambalo selimundu inaweza kulileta hata kwa mtoto mdogo. Sasa anasahau alichosoma jana, hesabu zimemshinda, na mkono mmoja hauandiki. Kumpa muda wa ziada ni kumpa muda zaidi wa kukaa mbele ya asichokielewa. Huyu anahitaji mwalimu wa elimu maalumu na mtaalamu wa tiba ya kazi wa kuufanyia mkono mazoezi, pamoja na malengo yanayopimwa. Huyo ni wa IEP.

Cheti cha daktari wa hawa wawili kinaweza kuwa na neno lilelile moja. Kwa hiyo, katika njia zote mbili, cheti peke yake hakimfanyi mtoto astahili, na kukosa cheti hakumfanyi asistahili. Shule ikiona inahitaji uchunguzi wa daktari ili ifikie uamuzi, gharama ni yake. "Mlete kwanza na karatasi ya hospitali ndipo tuanze" ni kauli ambayo mzazi hapaswi kuipokea kimya.

Kuna kundi la tatu, la katikati, na hapo ndipo mabishano yalipo: ADHD, wasiwasi uliokithiri, usonji wa mtoto mwenye maneno mengi na alama nzuri. Wengine hupata 504, wengine IEP, kutegemea kama shida ni kikwazo au ni ufundishaji. Kwa watoto hawa mimi huegemea kuomba tathmini kamili ya IDEA kwanza. Ikionekana hastahili, timu inaweza kuhamia 504 siku hiyohiyo, ikitumia taarifa zilezile. Ukianza na 504 na tathmini nyepesi, mwaka unaweza kuisha kabla hujagundua kwamba mtoto alihitaji kufundishwa, si kuongezewa dakika.

Ziwekwe bega kwa bega

| | 504 | IEP |
|---|---|---|
| Umri | Hauna ukomo. Hufika hadi chuo | Miaka 3 hadi 21, au hadi apate cheti cha kawaida cha sekondari |
| Muda wa tathmini | Sheria ya taifa haikutaja siku | Siku 60 tangu mzazi atie sahihi, isipokuwa jimbo liwe na muda wake |
| Nafasi ya mzazi | Ridhaa kabla ya tathmini ya kwanza. Kanuni hazimtaji kama mjumbe wa kikao | Mjumbe kamili wa timu. Ridhaa kabla ya tathmini ya kwanza na tena kabla ya huduma kuanza |
| Maandishi | Sheria ya taifa hailazimishi mpango ulioandikwa | Lazima: malengo yanayopimika, huduma na muda wake |
| Kupitiwa upya | "Mara kwa mara" | Mpango kila mwaka, tathmini angalau kila miaka 3 |
| Pa kulalamika | Ofisi ya Haki za Raia ya Wizara ya Elimu, ndani ya siku 180 | Jimbo, ndani ya mwaka 1. Shauri rasmi, ndani ya miaka 2 kwa kawaida |

Safu ya maandishi ndiyo ningeiwekea duara. Shule nyingi huandika mpango wa 504, lakini kwa sababu kanuni za taifa haziulazimishi, kuna wazazi waliopewa ahadi za mdomo na mwalimu mwema, mwalimu akahama, ahadi ikahama naye. Ukikubali 504, usitoke kikaoni bila karatasi.

Tofauti nyingine haionekani kwenye jedwali. IEP inampa mtoto haki ya maendeleo. Mwaka 2017, katika kesi ya mtoto wa Colorado mwenye usonji, Mahakama ya Juu ilisema mpango lazima ulenge maendeleo yanayolingana na hali ya mtoto, si yale ya kiduchu ya kuonyesha tu kwamba kitu kimefanyika. 504 inapima kwa kulinganisha: mahitaji ya huyu yanatimizwa sawasawa na ya wenzake wasio na ulemavu? Ni maswali mawili tofauti, na mtoto aliye nyuma miaka mitatu katika kusoma anahitaji lile la kwanza.

Mwenye IEP hahitaji 504 juu yake. Ulinzi wa 504 anao tayari, na marekebisho yake yote huandikwa ndani ya IEP.

Suala la Kiingereza

Hapa wazazi waongeao Kiswahili wana jambo lao peke yao. IDEA inasema mtoto hawezi kuhesabiwa mwenye ulemavu ikiwa sababu kuu ya kushindwa kwake ni kutojua Kiingereza, au ni kukosa mafundisho mazuri ya kusoma na hesabu. Ni kinga nzuri. Mtoto aliyepoteza miaka miwili ya shule akiwa kambini Nyarugusu au Kakuma asibandikwe ulemavu wa kujifunza kwa sababu tu hakuwahi kufundishwa.

Lakini kinga hiyo hugeuzwa ukuta. "Tusubiri kwanza ajue Kiingereza" husemwa mwaka wa kwanza, wa pili, wa tatu. Kusubiri huko hakumo kwenye sheria. Mtoto anaweza kuwa mgeni wa Kiingereza na wakati huohuo akawa na ulemavu, na shule ina wajibu wa kuwatafuta watoto wa namna hiyo, si kungoja waletwe. Vivyo hivyo kwa programu za masomo ya ziada ya vikundi vidogo: zinaweza kuendelea, lakini tangu Januari 2011 Wizara ya Elimu iliwaandikia majimbo kwamba zisitumike kuchelewesha au kunyima tathmini.

Tathmini inatakiwa ifanyike kwa lugha ya mtoto, na kwa namna itakayoonyesha anachokijua kweli, isipokuwa iwe wazi kwamba haiwezekani. Hapo wewe ndiye shahidi mkuu, kwa kuwa hakuna mtu pale mezani anayekijua Kiswahili chake kama wewe. Alichelewa kuzungumza? Ukimtuma vitu vitatu chumbani, anarudi na kimoja? Bibi akimhadithia hadithi kwenye simu, anaweza kuirudia kwa mpangilio? Shida ikiwa ipo kwa Kiswahili pia, si Kiingereza kinachomsumbua. Sema hivyo, na uombe yaandikwe.

Mkalimani ni haki yako kwenye kikao cha IEP, na shule ndiyo inayomlipa. Usikubali mwanao mkubwa akalimani. Nimemwona binti wa miaka 13 akijaribu kumtafsiria baba yake maneno "ulemavu wa akili" kuhusu mdogo wake. Alinyamaza, akasema tu, "Wanasema ana shida kidogo, baba."

Na kwa wenye hofu ya karatasi za uhamiaji: tangu Mahakama ya Juu ilipoamua kesi ya Plyler mwaka 1982, shule ya umma haiwezi kumkataa mtoto kwa sababu ya hadhi yake ya uhamiaji.

Barua moja, njia zote mbili

Huhitaji kuchagua kabla ya kuomba. Andika barua fupi kwa mwalimu mkuu au mkuu wa elimu maalumu, yenye tarehe: ninaomba mwanangu afanyiwe tathmini kamili chini ya IDEA na chini ya Kifungu 504, kwa kila eneo linalotiliwa shaka. Kisha taja unachokiona: hawezi kunakili ubaoni, analia kila Jumapili usiku, amekosa siku kadhaa kwa maumivu. Usiandike "mvivu". Usiandike pia jina la ugonjwa kama huna hakika nalo. Eleza matendo. Baki na nakala.

Saa ya siku 60 haianzi siku ya barua. Huanza unapotia sahihi fomu ya ridhaa, kwa hiyo iulize fomu hiyo mapema. Mtoto akionekana anastahili, kikao cha kuandika IEP lazima kifanyike ndani ya siku 30.

Shule ikikataa kumtathmini chini ya IDEA, lazima ikupe notisi ya maandishi yenye sababu. Wazazi wengi huambiwa "hapana" kwa simu na mambo yakaishia hapo. Omba notisi tu, kwa upole. Ikiwa imemtathmini na hukubaliani na matokeo, unaweza kudai tathmini huru kwa gharama ya umma. Shule italipa, au itafungua shauri kutetea yake. 504 haina haki hiyo ya tathmini huru, na ni sababu nyingine ya kuanza na IDEA pale unaposita.

Kwa upande wa 504, mambo yamepata nguvu kidogo. Juni 2025 Mahakama ya Juu, kwa kauli moja, iliamua kesi ya msichana wa Minnesota mwenye kifafa, aliyeshindwa kusoma asubuhi kwa sababu ya degedege na kunyimwa masomo ya jioni. Mahakama ilisema wanafunzi wasitwishwe mzigo wa kuthibitisha nia mbaya ya shule, mzigo ambao watu wengine wenye ulemavu hawatwishwi.

Nidhamu, kwa ufupi

Mtoto akisimamishwa zaidi ya siku 10 za shule, njia zote mbili zinataka kikao cha kuangalia kama kosa lilitokana na ulemavu. Ikionekana halikutokana nao na akafukuzwa, mwenye IEP huendelea kupewa elimu kwa namna fulani. Mwenye 504 hana uhakika huo. Kwa mtoto ambaye ulemavu wake hujitokeza kwa hasira au kukurupuka, hili peke yake linaweza kuamua.

Akifika chuo

IEP huishia sekondari. Chuo hakina timu, hakina malengo ya mwaka, na hakimtafuti mtu. Kinachobaki ni 504 na ADA, sheria ya watu wenye ulemavu ya mwaka 1990, na hapo ni mwanafunzi mwenyewe anayekwenda ofisi ya huduma za ulemavu, anajitambulisha, anapeleka uthibitisho na kuomba. Mpango wa sekondari haumfuati moja kwa moja, ingawa tathmini ya karibuni humsaidia. Hata mtihani wa SAT, wa kuombea chuo, una ombi lake tofauti, linalopelekwa mapema kwa College Board, wenye mtihani huo.

Akifikisha miaka 18, katika majimbo mengi haki zako zote za IEP huhamia kwake. Sahihi inayotakiwa inakuwa yake, na notisi za shule zinaletwa kwake na kwako pia. Kwa hiyo kuanzia darasa la tisa au la kumi mpeleke kwenye vikao vyake, akae mezani, na swali la "nini kinakusaidia darasani?" umwache alijibu yeye, hata kama atachukua dakika mbili kabla ya kufungua mdomo.